Darubini ya Mzee Emoit

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Mzee Emoit wa Kwapa, huko Tororo, aliyetutoka mwaka jana. Alikuwa fundi. Ndiye aliyeunda darubini ya shaba kwa mikono yake mwenyewe.

Alikusanya koki mbovu na vitasa vya milango, akayeyusha, akapata bomba la manjano refu kama mkono wa mtu mzima. Ndani, chini kabisa, akatia kioo cha shaba nyekundu na bati. Kioo hicho ndicho kinachokusanya mwanga. Bila kioo, bomba ni bomba tu. Kilipofifia, bintiye Prossy alikisugua hadi king'ae. Watu walimcheka mzee, kisha wakajazana uani kwake kutazama mwezi.

Mzee alikuwa na wake wawili. Wa Kwapa aliwazaa Prossy na Edimu. Wa Busia, upande wa Kenya, alimzaa Paddy. Baada ya mazishi ukoo ukakaa kugawa vitu. Prossy akaiomba darubini, wakamwambia binti aliyeolewa hana fungu. Edimu akaitaka, Paddy akaitaka. Msemaji wa ukoo akakata shauri: "Nyumba mbili nagawa sawa. Huyu nachukua bomba, yule nachukua kioo."

Wakaifungua hapo hapo.

"Nilikishika kioo nikakataa kuachia," Prossy alituambia. "Paddy akanibandua vidole, kimoja kimoja. Edimu, ndugu yangu wa tumbo moja, akatazama tu."

Leo Edimu anasimamishia miavuli ndani ya lile bomba. Paddy ananyolea ndevu kwenye kioo, kwa sababu kinakuza uso. Mvuke wa maji ya moto unakila, na madoa yakizidi hakuna wa kukiponya. Prossy amewasihi wote wawili. Edimu anataka Paddy alete kwanza. Paddy naye anataka Edimu alete kwanza. Watu wazima hawa! Inatia kichefuchefu.

Pole sana, dada Prossy. Poleni jamaa wote wa Mzee Emoit. Nanyi mnaogawana vya marehemu wiki hii, jiulizeni kama mnagawa au mnavunja.

Edimu, Paddy, najua mnanisikia. Redio hii haisimamishwi mpakani. Ibada ya kumbukumbu ni Jumamosi, Kwapa, na Prossy ataandaa kitambaa cha kusugulia. Kama mnakuja mikono mitupu, bakini huko huko. Machozi yenu hatuyahitaji.