Nati za Usukani

KAPTENI: Haloo! Haloo, nani mwenzangu? Upepo huku unanipigia mbinja sikioni.

BONGE: Ni mimi, shemeji. Habari za asubuhi?

KAPTENI: Aa, Bonge! Nzuri, shemeji yangu. Umeamka? Nilijua leo unalala mpaka jua likufuate kitandani.

BONGE: Shemeji, baiskeli yangu siioni stoo.

KAPTENI: Ninayo. Usihangaike.

BONGE: Unayo vipi? Nani kakupa ufunguo?

KAPTENI: Mama mkwe mwenyewe. Nilipita alfajiri, nikamwambia naiazima. Kasema chukua tu baba, huyo hataipanda, kazi yake kuipapasa kama mwali.

BONGE: Mama kasema hivyo?

KAPTENI: [anacheka] Kwa kinywa chake.

BONGE: Sikiliza. Mko wapi? Mmeshaipanda?

KAPTENI: Bado. Tumeileta kwa gari mpaka juu mlimani. Tumesimama chini ya mnara wa simu, na mtandao wenyewe wa kuombaomba.

BONGE: Afadhali. Basi msiipande. Usukani bado. Nimetoa zile nati za chuma, nangoja nyepesi. Hizo za muda zilizopo nimezishika kwa vidole tu, sijazikaza. Kwenye lami inakwenda, lakini kwenye mteremko gurudumu likigonga jiwe moja tu, usukani unageuka peke yake na mtu anatangulia kwa uso. Umenielewa? Shemeji? ... Haloo?

[Mkwaruzo.]

KAPTENI: —ulipotea. Nimesikia "usukani", basi. Hebu ngoja, wenzangu wa timu wanataka kukusalimia. Nimekuweka kwenye spika.

[Vicheko. Mtu anapiga makofi.]

KAPTENI: Waambie, Bonge. Ina kilo ngapi?

BONGE: Shemeji, kwanza nimalizie lile la—

KAPTENI: Kilo ngapi? Wanabishana hapa.

BONGE: Kumi na moja na robo.

KAPTENI: Mmesikia? Na uzito wote ule umeutupa wapi?

BONGE: Ah... kidogo kidogo. Fremu ni ya mtumba, lakini aluminiamu tupu. Rimu nilimchomelea mtu geti, akanipa. Gia za mbele nimeacha moja. Bomba la kiti nimelikata. Tairi hazina tyubu, nimetia ule utomvu wa kuziba pancha. Nikaipeleka kwa muuza nyama, akanipimia kwenye ndoano.

KAPTENI: Kwa muuza nyama! Na wewe ulipojaribu kuning'inia, ndoano ilibaki?

[Vicheko.]

BONGE: ...Haya. Nimecheka. Sasa—

KAPTENI: Miezi kumi, jamani! Mchana anachomelea mageti, jioni anasugua fremu kwa msasa apunguze rangi. Rangi! Gramu themanini! Na hapo tumboni kabeba magunia mawili, hajayaona.

BONGE: Wewe ndiye uliyeniambia. Ulisema tatizo si mimi, ni baiskeli yangu ya zamani, chuma kizito. Nitengeneze nyepesi, nitapanda na ninyi.

KAPTENI: Nilisema?

BONGE: Nyumbani kwako, mezani, dada akiwepo. Ukanipa mkono.

KAPTENI: Ah, shemeji. Ule ulikuwa utani. Mtu mzima na ndevu zako hujui utani?

BONGE: Na jezi? Nilikupa vipimo vyangu.

KAPTENI: Fundi nguo aliviangalia akauliza, hii ni jezi au turubai? [Vicheko.] Usinune bwana. Tulikaa, tukaona wewe utatufaa pale chini. Ushike maji, uzibe pancha. Baiskeli iwe ya timu.

BONGE: Ya timu.

KAPTENI: Sasa wewe ya nini? Kuikalia tu ni kuionea.

BONGE: Nipe dada niongee naye.

KAPTENI: Mke wangu kasogea kule mbele na wenzake. Unataka umlilie? Miaka arobaini, bado unamlilia mdogo wako!

BONGE: Toa spika.

KAPTENI: Eeh?

BONGE: Toa hiyo spika, tafadhali.

KAPTENI: Haya, nimetoa. Nimejitenga pembeni kabisa. Umekasirika? Huyu naye! ... Lakini kazi yako nzuri, usije ukasema nimekunyima sifa. Nimeiinua kwa vidole viwili. Kwani ulikuwa unasemaje kuhusu usukani?

BONGE: Usukani...

KAPTENI: Bonge? Salio linalokwenda ni lako, shauri yako.

BONGE: Hakuna kitu. Nilikuwa nasema ni mwepesi.

KAPTENI: Hilo nimeliona.

BONGE: Mtashukia wapi?

KAPTENI: Njia ya mawe, ile inayokata msitu mpaka mtoni.

BONGE: Vizuri. Pale usiguse breki. Fremu nyepesi ukiibana inarukaruka. Iachie itiririke.

KAPTENI: Unaona? Ukiacha kununa una akili. Ngoja— [kwa sauti, mbali na simu] Mama watoto! Kaka yako anasema usiguse breki! Iachie itiririke!

BONGE: Nani? Unamwambia nani?

KAPTENI: Dada yako, nani mwingine? Ndiye anaanza.

BONGE: Si wewe unayepanda?

KAPTENI: Na mgongo huu? Yeye ndiye kaing'ang'ania tangu jana. Tena mimi nilitaka tukuombe kwanza, yeye kasema hapana, kaka yangu atakataa kwa woga. Eti akishuka nayo salama mpaka mtoni, hata mama atanyamaza, hatakucheka tena.

BONGE: Msimamishe.

KAPTENI: Nini?

BONGE: Msimamishe! Mwite arudi! Nati hazijakazwa, usukani hauja—

[Mkwaruzo.]

KAPTENI: Unakwaruza. Kashaondoka huyo. Ananipungia mkono, muone maringo yake.

BONGE: Mkimbilie! Nilikuficha, shemeji, nimekosa, mkimbilie, ataumia!

KAPTENI: —sikupati kabisa. Nasikia "mkimbilie, mkimbilie". Nani wa kumkimbilia yule? Upepo mtupu!

[Mlio mfupi: salio linakaribia kwisha.]

BONGE: Mama! Mama, simu yako iko wapi? Mama!

KAPTENI: Uko na mama mkwe hapo? Msalimie sana. Mwambie mwanawe anashuka kama maji ya— eh! Laiti ungemwona, Bonge! Haya, ngoja nisogee ukingoni nimtazame vizuri, tutaonge—

[Salio limekwisha.]