Saa Ishirini na Nne za Boila Namba Mbili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Nishati, Meneja wa kituo, wageni wa ubalozini mliovaa kofia ngumu mpya, wafanyakazi wenzetu:

Karibu tena. Hii ni mara yako ya tatu. Kiti ni kile kile, kipaza sauti ndicho kimebadilishwa. Anayekusomea ni mwendesha boila wetu, Mama Geji, mwenye miaka ishirini na miwili kazini. Tulimchagua kwa kuwa hana haraka.

HISTORIA FUPI

Kituo hiki cha umeme wa makaa ya mawe kilijengwa kwa mkopo wa nchi rafiki. Miaka miwili iliyopita rafiki huyo alitueleza kuwa moshi wetu unaharibu hali ya hewa ya dunia. Ni kweli, wala hatubishi. Ukaja, ukazima. Kisha mataifa mawili ya mbali yakapigana, bomba la gesi likafungwa, na rafiki yetu akaona baridi inamjia. Akanunua gesi iliyokuwa ije kwetu, tukabaki gizani. Ukaja, ukawasha. Sasa anataka kutoza ushuru bidhaa za viwanda vyetu kwa sababu ya moshi ule ule, basi umekuja kuzima. Paneli za jua tulizoahidiwa hazijafika, maana anayeziuza kwa bei nafuu ni hasimu wa anayetukopesha.

Hatulaumu mtu. Tunapanga tarehe tu.

MAFANIKIO

Ziara zako zote zimetosha kwenye jiwe moja la kumbukumbu. Fundi mwashi alichonga kufungwa mbele na kufunguliwa nyuma. Alipoambiwa kuhusu leo, aligeuza jiwe, akaligeuza tena.

"Jamani, zimebaki mbavu tu. Mwambieni Mheshimiwa aamue kabla sijaishiwa jiwe."

Pia, kitufe chekundu kilicho mbele yako kimeunganishwa na taa tu. Boila tulianza kulizima juzi, taratibu, inavyotakiwa. Bonyeza kwa nguvu upendavyo.

CHANGAMOTO

Boila lililopoa huhitaji saa ishirini na nne kuamshwa, ili chuma kizoee joto. Mara iliyopita ulitaka moto ndani ya saa tisa, uwahi taarifa ya habari. Mama Geji alikwambia papa hapa, "Mheshimiwa, bomba litapasuka."

Ukamjibu, "Mama, dunia haisubiri."

Dunia ilisubiri. Bomba ndilo halikusubiri. Mvuke ulimkuta shemeji yake, fundi wa valvu. Yuko mstari wa mbele. Akikusalimia kwa mkono wa kushoto, usidhani amekosa adabu. Kazi yake sasa inafanywa na binti yake.

Meneja alituomba tuiondoe aya hii. "Watu wangu, mtaniponza."

"Bosi, ifute wewe," shemeji akamwambia. "Mimi siwezi kushika kalamu."

Ikabaki.

OMBI

Ni moja. Hatuombi kituo kisifungwe. Takwimu tumezisoma, na kikohozi cha watoto wetu tunakisikia. Lakini mara ya kwanza mlibadili mawazo baada ya miezi saba, na wanaowabadilisha mawazo bado wana namba zenu za simu. Basi tunaomba agizo la maandishi: siku boila namba mbili litakapowashwa tena, iwe kwa vita, baridi au uchaguzi wa watu wengine, zipite saa ishirini na nne kamili, na atakayesema liko tayari awe Mama Geji, si mgeni rasmi. Binti yule atakuwa amesimama pale pale aliposimama baba yake.

Ukivuta kitambaa hicho kilichofunika jiwe, utakuta ubavu mtupu. Mwashi hajachonga jina lako. Juu ya jiwe pana karatasi yenye agizo hilo, na kalamu. Kamera tatu zinaelekea hapo. Umekuja nazo mwenyewe.

Mungu akujalie afya, safari njema ya kurudi, na mkono wa kulia usiotetemeka.

Ni sisi, wafanyakazi wa Nyumba ya Boila, zamu zote tatu, pamoja na shemeji.