Mazishi ya Pili ya Bisi Hewa Safi

Kwa huzuni isiyo na kipimo, na kwa mara ya pili ndani ya wiki mbili, jamaa ya wenye hati inawatangazia wakaaji wote wa Bukavu kifo cha mpendwa wao Bisi Hewa Safi, basi la umeme la jiji, mzaliwa wa kwanza na wa mwisho kati ya ndugu kumi na wawili walioahidiwa. Mazishi ni Jumamosi tarehe 24 Agosti 2024, saa nne asubuhi, Nguba, uani mwa Ofisi ya Usafiri Safi, pale pale alipolala. Waliolia tarehe 10 wanaombwa kurudi na machozi mengine. Safari hii hakuna atakayeruhusiwa kumgusa marehemu.

Marehemu alizaliwa tarehe 7 Machi 2022 katika hoteli moja ya Ibanda inayotazama ziwa, kati ya supu na samaki. Baba yake ni saini. Mama yake ni hati ya mkopo wa umma, yaani karatasi nzuri yenye muhuri ambayo jiji lilimpa kila raia aliyekubali kulikopesha pesa ya kununua bisi zisizokunywa mafuta. Walikubali watu mia nne na kumi na wawili. Mmoja wao ni Maman Eulalie, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Katana, aliyeuza shamba lake la maharagwe la Mumosho kwa Papa Barthélemy ili apate hati tatu. Waliambiwa kwamba wanawanunulia wajukuu pumzi. Naye, aliyefundisha hesabu darasa la sita miaka thelathini na moja, aliwaamini mabwana watatu wenye suti ambao walishindwa kugawanya keki ya sherehe yao wenyewe. Jambo hilo hajajisamehe mpaka leo.

Kuhusu masomo, marehemu hakusoma. Wengine walisoma kwa niaba yake. Semina sita zilifanyika, zote karibu na bwawa la kuogelea. Wakurugenzi walijifunza maana ya hewa, wakala, wakapewa mabegi na vyeti. Dereva Mugisho hakualikwa hata kwenye moja. Yeye alisomea kwenye kijitabu cha Kichina chenye picha.

Alianza kazi tarehe 1 Agosti 2022 na akaifanya siku kumi na moja. Tumpe haki yake: kwa kushuka hakuwa na mpinzani. Kutoka Kadutu mpaka Nyawera aliteremka kimya, mwenye adabu, kama askofu anayetoka misani. Kupanda ndiko kulikomshinda. Siku ya nne alisimama katikati ya mwinuko, abiria wakashuka kusukuma, Maman Eulalie akiwa kati yao, beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Kijana mmoja wa pikipiki akapunguza mwendo ili acheke vizuri.

"Maman, munalipa nauli ya kusukuma?"

"Sukuma na weye, mwanangu," alimjibu. "Ile gurudumu ya nyuma iko shamba yangu."

Kwa kuwa umeme wa Nguba huja unapojisikia, marehemu aliozwa tarehe 9 Agosti 2022. Mke alikuwa groupe, ile mashine ya kutoa umeme inayokunywa mazutu, yaani dizeli, mnene, mwenye kelele na moshi mweusi. Mbuzi alichinjwa, hotuba zikatolewa. Basi gari lililonunuliwa kuokoa mapafu ya watu likawa linanyonyeshwa na mashine iliyogeuza nguo zilizoanikwa avenue nzima kuwa nguo za msiba. Ndoa ilikuwa halali. Ilivurugwa na jeep za wakubwa, zilizoanza kunywa mazutu ya bibi arusi.

Ugonjwa ulimshika tarehe 11 mwezi ule ule, na hapo ndipo upendo wa ofisi ulipojionyesha. Maana hati ilisema wazi katika kifungu cha tisa: bisi ikifa kabla ya miaka kumi, bima ya ofisi yenyewe inamrudishia kila mwenye hati pesa yake yote, bisi ikiugua tu, hakuna kitu. Hajawahi kutokea mgonjwa Bukavu aliyeombewa uzima namna ile. Tume tano zilimtembelea, tano zikaandika kwamba anaendelea vizuri.

"Iko mugonjwa, haiko mufu," alisema mkaguzi wa ofisi, Papa Télesphore, ambaye peke yake ndiye mwenye kalamu ya kuthibitisha kifo.

"Papa Télesphore, kuku imetaga mu kiti ya dereva," alimwambia Maman Eulalie.

"Ni alama ya uzima, maman."

Marehemu alikata roho tarehe 3 Juni 2024, gurudumu la mwisho lilipotoka upepo mbele ya macho ya Maman Eulalie. Wakati huo Papa Barthélemy alikuwa amekwisha kumwambia: shamba atamrudishia kwa bei ile ile, lakini mpaka mwisho wa Agosti tu, baada ya hapo anajenga. Barua nne ambazo Maman Eulalie aliipelekea ofisi hazikujibiwa. Ndipo alipokumbuka kwamba katika jiji hili hakuna mkubwa anayethubutu kubishana na kifo kikishakuwa na mikeka, kwaya na programu iliyochapwa. Akaitisha matanga.

Tarehe 10 Agosti watu walijaa uani. Papa Télesphore alikuja, maana kukosa matanga ni aibu kuliko kukosa kazi. Wasifu ukasomwa: marehemu ameacha mjane, groupe wa Nguba, kuku sita, vyeti thelathini na vinane, wenye hati mia nne na kumi na wawili, na shamba moja la Mumosho linaloingojea kalamu. Alale pale alipoegeshwa, na Bwana amjalie njia za kushuka tu. Wamama wakalia kwa nguvu. Papa Télesphore, macho yote yakiwa juu yake, akatoa kalamu.

"Kanuni inaomba nijaribu ufunguo mbele ya mashahidi," alisema. "Ikinyamaza, ninasaini."

"Jaribu, papa," alisema Maman Eulalie, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili akatabasamu.

Mugisho akamsogelea sikioni, mwenye kuona fahari.

"Maman, umeona vile anang'aa? Nilimuogesha na sabuni. Halafu nikakopa mazutu ya groupe, nikamutilia courant kidogo mu betri, mataa iwake, watu waage sura yake."

Kabla Maman Eulalie hajageuka, ufunguo ulikuwa umezungushwa, na marehemu akasema, kwa sauti ya dada wa benki:

"Karibuni. Betri iko asilimia kumi na moja."