Mama Easter wa Muyeye na Safari ya Mombasa

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum, na wale wa Bwana asifiwe nawasalimu pia. Vuteni viti. Aliye na chungu jikoni apunguze moto, maana leo sitaki mtu asikie nusu nusu.

Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Muyeye, hapa hapa Malindi. Jina lake ni Idah Nyokabi. Mtaani wachache mno walimwita hivyo. Alikuwa Mama Easter, kwa jina la binti yake wa pekee. Alituacha wiki tatu zilizopita kwa ugonjwa wa presha, akiwa na miaka hamsini na tisa. Idah Nyokabi, Mama Easter wa Muyeye.

Alikuja Malindi miaka thelathini iliyopita kutoka Nyahururu, akimfuata mumewe, Dedan. Huyu Dedan alikuwa seremala wa kuchonga milango ya nakshi kwa nyumba za wageni kule ufuoni. Hebu fikirini, mtu wa bara anachonga mlango wa Kiswahili, na wenyeji wanasimama kuutazama. Ufundi huo hakufundishwa na mtu. Alikuwa akienda Mombasa, Mji wa Kale, anasimama mbele ya milango ya watu na karatasi yake anachora, mpaka wenye nyumba wamuulize ana shida gani. Kila akirudi alimwambia mkewe, "Siku moja nitakupeleka ukaione yenyewe." Akafariki kabla ya siku hiyo. Mama Easter akabaki na kibanda chake cha viazi karai, na hamu yake ya kuiona milango ya Mombasa.

Viazi vyake nyote mnavijua, msinifiche. Na ule ukwaju wake je? Saa kumi jioni kinamama wa mtaa walikuwa wamejaa kwenye benchi lake, wanakula na kupiga soga. Mmoja wao ni Lubna. Nyumba ya Lubna na ya Mama Easter zinatazamana, mlango kwa mlango. Wameishi hivyo miaka kumi na tisa. Lubna alipojifungua, supu ya kwanza aliyokunywa ilitoka jikoni kwa Mama Easter.

Mengi ya haya nimeyapata kwa Lubna mwenyewe. Alikuja hapa studio Jumatatu, akakaa, akasema jina lake tusilifiche.

Ni hivi. Mwaka juzi Sikukuu ya Mashujaa iliangukia Ijumaa. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, siku tatu za mapumziko. Kinamama wakaamua kwenda kutembea Mombasa, wakauone Mji wa Kale na Ngome. Malazi yangekuwa Kibokoni, kwa mamkubwa wake Lubna. Mipango yote ilifanyiwa wapi? Kwenye benchi la Mama Easter. Yeye anakaanga, wao wanapanga, naye anachangia maneno. Nani atalala wapi, tupitie njia gani, tule nini njiani. Akasema chakula cha njiani wamwachie yeye. Hakuna aliyemkatalia.

Kumbe jina lake halikuwemo.

Lubna ndiye aliyeandika majina. Anasema kalamu ilifika pale ikasita. Mamkubwa wake ni mtu wa kuuliza, huyu ni wa nani, wa ukoo gani, ametokea wapi. Lubna alitaka aingie Kibokoni na wanawake ambao mamkubwa angewapokea bila maswali. Akamwona Mama Easter na kilemba chake na Kiswahili chake cha bara, akamwonea haya. Hayo ni maneno yake Lubna, si yangu. Alisema, "Nilimwonea haya mtu aliyenilea uzazi. Na sikuwa na uso wa kumwambia kuwa haendi, basi nikanyamaza, nikidhani ataelewa mwenyewe."

Mnajua desturi yetu. Safari ya kinamama haina raha bila leso za sare. Lubna alizipitisha nyumba kwa nyumba. Kwa Mama Easter hakubisha hodi. Mama Easter akadhani zimepungua. Akaenda sokoni, akaitafuta leso ile ile, rangi ile ile, akainunua.

Kisha ikaja Ijumaa. Walikuwa wamekubaliana kukutana kibandani saa kumi na mbili asubuhi. Lubna akawapigia wenzake simu usiku wa kuamkia siku hiyo, mmoja mmoja, akawaambia gari litapakia mtaa wa Barani, tena mapema zaidi. Wengine walimuuliza, "Na Mama Easter?" Akawajibu kwamba amepata udhuru. Basi wakaenda. Walitembea, walipiga picha, mamkubwa aliwapikia pilau. 

Jumapili jioni gari likawarudisha mpaka Muyeye. Wakashuka. Na hapo, wasikilizaji wapendwa, Lubna akamwona Mama Easter amesimama kando ya barabara. Amevaa leso ya sare. Ana mkoba wa safari mkononi. Hakumuuliza mtu neno. Alisema tu, "Mmefika salama?" Akachukua kikapu cha Lubna, akambebea, wakatembea wote mpaka nyumbani, mtaa mzima ukiwatazama. Watu wakawa wanamwamkia, wanamuuliza habari za Mombasa. Naye akawajibu kuwa ni nzuri.

Lubna alijua nini kinafanyika. Mama Easter alikuwa ameshawaaga wateja wake wote, kwamba Ijumaa hadi Jumapili hayupo, anakwenda Mombasa na wenzake. Sasa angewaambia nini? Lubna aliliona hilo pale pale, na hakufungua mdomo. Hakuufungua siku ile, wala mwezi ule, wala miaka miwili iliyofuata. Jioni alikwenda kula viazi kama kawaida, na Mama Easter akamwekea ukwaju wa ziada kama kawaida.

Mwezi uliopita Mama Easter akafariki. Kwenye ibada ya kumuaga, kabla ya kupelekwa Nyahururu, binti yake Easter alisimama kusoma wasifu. Akasema mama yake alikuwa na ndoto moja, kuona milango ya Mombasa, na majirani zake wa Muyeye waliitimiza. Akawaomba kinamama wa safari ile wasimame washukuriwe. Watu wakawapigia makofi. Lubna alisimama. Anasema hakuna adhabu aliyowahi kupewa inayofika ile.

Walipotoka nje, Mwambire, yule anayeuza maji kwa mkokoteni, akamwita kando. Akamwambia, "Dada, mimi sikusema pale ndani kwa heshima ya maiti. Ijumaa ile nilimkuta kibandani na hotipoti mbili za mahamri, anangoja. Nikapita tena saa tatu, bado yupo. Zile siku mbili zilizobaki nilimpelekea maji mlango wa nyuma. Alijifungia. Aliniomba nisimwambie mtu kuwa yupo."

Lubna aliposikia kwamba wasifu ule ule utasomwa hapa redioni, akaja mbio. Alitaka tuondoe ile sentensi ya Mombasa. Nilimwambia siwezi kugusa wasifu wa familia bila ruhusa ya familia. Akaomba simu. Akampigia Easter mbele yangu, kwa spika, akamwambia yote, bila kujitetea hata kidogo.

 Easter akasema, "Anti Lubna, Krismasi ile nilikuja nyumbani. Mama alinihadithia safari nzima. Milango aliieleza mmoja mmoja. Akasema usiku ulikuwa na joto, na wewe ulimwachia kitanda, ukalala chini. Kila mtu aliyekuja kututembelea, Mama alimwambia hivyo, kwamba Lubna alimwachia kitanda."

 Lubna aliweka simu mezani akajifunika uso kwa buibui. Easter akaniambia mimi, "Someni ukweli. Lakini mama hakuwahi kumsema vibaya, na nyinyi msimseme."

Basi nausoma. Idah Nyokabi, Mama Easter wa Muyeye, hakufika Mombasa. Alijitayarisha, akapika, akavaa, akangoja.

Kwako Easter, na kwa ukoo wote kule Nyahururu, sisi wa Malindi tunawapa pole, na tunawaomba radhi. Mama yenu tuliishi naye miaka thelathini, tukala chakula chake. Mungu amlaze pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, Mashujaa mwaka huu ni Jumatatu, na najua wengi mmeshapanga safari zenu. Leo ni Alhamisi. Kama kuna jirani aliyewasikia mkipanga na hamjamwambia neno, inukeni sasa mkabishe hodi kwake. Lubna alivuka kwenda kubisha kwa Mama Easter juzi. Alifunguliwa na mpangaji mpya.