Gentrix Muhonja na Ganzi Iliyoishia Kitovuni

Wasikilizaji wapendwa, ketini kidogo. Kama chai iko motoni, iepueni kwanza. Leo tunamkumbuka Gentrix Muhonja wa Shieywe, hapa hapa Kakamega. Alikuwa mtaalamu wa ganzi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mgonjwa hasikii kisu. Tulimzika Jumamosi, na haki ya Mungu, mji umepwaya.

Mumewe, Ignatius, anasema hata nyumbani alikuwanga mtu wa kuhakikisha. Ukikataa ingokho, yaani kuku, mezani kwake, anakuuliza tena. Ukisema umeshiba, anakutazama machoni. "Mama Sylvia hakuwahi kuamini mtu akisema yuko sawa," anatuambia, akicheka huku anafuta machozi.

Awinja wa Lurambi anaijua sana tabia hiyo. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, mbali na huku, na ganzi haikushika vizuri. Alisikia kisu, wasikilizaji. Alikisikia, akanyamaza, maana kwao mwanamke hapigi kelele akizaa. Alipopata mimba ya pili, usingizi ulimpaa. Hakuogopa kuzaa. Aliogopa kisu.

Siku ya kupasuliwa tena ikafika. Gentrix akamdunga sindano ya mgongo, akaacha hapo mpira mwembamba kama uzi. Miguu ikafa ganzi. Kisha akachukua pamba yenye spiriti, akamgusa begani, halafu tumboni, akimuuliza kama baridi ni ileile. Awinja akajibu hasikii kitu, yuko sawa tu. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari, kisu mkononi. Lakini Gentrix alikuwa ameona kope za Awinja zikicheza pamba ilipopita juu ya kitovu.

"Daktari, ngoja. Ganzi imeishia kitovuni." Kisha akamwinamia Awinja. "Mama, hapa hakuna zawadi ya kuvumilia. Unasikia ama husikii?"

"Nasikia," Awinja akasema, na machozi yakamtoka.

Daktari, muungwana yule, akarudisha kisu mezani. Gentrix akaongeza dawa kidogo kidogo kupitia ule mpira wa mgongoni. Kazi ya ule mpira ndiyo hiyo: ganzi ikiishia chini, unaipandisha. Wakangoja. Pamba ikapita tena tumboni, ikapanda mbavuni, ikafika kifuani. Awinja hakusikia baridi, na safari hii ilikuwa kweli. Ndipo Gentrix akampa daktari ruhusa.

Wakapiga stori, wanawake wawili, za kwaya na za mahindi ya kuchoma. Baadaye Awinja akauliza, kwa woga, wataanza saa ngapi. Gentrix akacheka, akamwambia asikilize.

Mtoto alikuwa analia.

Kwako Ignatius, kwako Sylvia, na ukoo mzima, poleni sana. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki tujiulize jambo moja: ni mama gani nyumbani kwetu ameumia kimya kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha kunyamaza?