Jina la Arobaini na Moja: Wasifu wa Mwalimu Rahab Wangechi Njuguna

Mwalimu Rahab Wangechi, tunayemzika leo Jumamosi tarehe 22 Novemba 2008, alizaliwa Gilgil tarehe 6 Juni 1948, kifungua mimba wa marehemu Mzee Ndegwa na marehemu Mama Nyokabi. Alisomea shule ya msingi hapo hapo Gilgil, akaendelea hadi chuo cha ualimu na kuhitimu mwaka wa 1969. Hakuwahi kutupa karatasi. Mdogo wake Ephantus, anayewasomea wasifu huu, ana ushahidi: ripoti zake mbaya za darasa la nne bado ziko.

Alifunga ndoa na Bwana Micah Njuguna mjini Nakuru tarehe 14 Desemba 1974. Bwana harusi alichelewa, na hadi leo Micah husimulia alivyopokewa mlangoni mwa kanisa: "Dakika kumi na mbili. Nimeandika." Walijaliwa binti mmoja, Lynn.

Alifundisha miaka kumi na miwili. Mwaka wa 1981, wasomi wa Njoro walipoanzisha chama cha elimu linganishi, cha kulinganisha jinsi watoto wanavyofundishwa huku na kule, yeye ndiye aliyefanywa katibu. Tangu hapo alitunza kumbukumbu za mikutano, barua na picha, akinuia kuandika historia ya chama. Kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa daftari la waasisi arobaini na mmoja, kila jina na wilaya ya kuzaliwa kando yake.

Jamani, nani angejua kwamba wilaya ya mtu ingekuja kumtoa roho? Ijumaa tarehe 25 Januari mwaka huu, katika ghasia za baada ya uchaguzi, vijana wakipekua nyumba baada ya nyumba wakiuliza nani katoka wapi, ili wajue kabila lake, Rahab alilitia daftari lile motoni jikoni, ukurasa kwa ukurasa, kwa mikono yake. Nakala hakuwa nayo. Waliofika kwake walikuta majivu, wakaenda zao. Yule mama aliyetunza hata risiti za chaki alilia siku tatu.

Kisha akakaa mezani kuyaandika upya majina kwa kukumbuka, safari hii bila wilaya. Mwezi wa Juni alipata kiharusi, akapooza mkono wa kulia, na Lynn akawa anamwandikia. Arobaini yalipatikana. La mwisho lilimkimbia. Alipiga simu kila mahali, akawauliza hata waliokuja kumpa pole.

"Baba Lynn," alimwambia mumewe hospitalini, "kuna mtu nimemwacha nje."

Alifariki Ijumaa tarehe 14 Novemba, saa tano asubuhi, bado anamtafuta. Hilo linatuuma sana.

Jumanne, kwenye matanga, mwenyekiti wa chama, Profesa Kipkemboi, aliomba kuiona orodha. Aliisoma hadi mwisho, akavua miwani.

"Na Rahab mwenyewe, mbona hayupo?"

Katibu alikuwa amewakumbuka wote akajisahau yeye. Lynn alichukua kalamu ya mamake, akamwandika pale pale.

Ameacha mume, Micah, binti, Lynn, mkwe, Kipruto, mjukuu, Chelangat, na mdogo wake, Ephantus.

Mwalimu, pumzika kwa amani. Hakuna aliyebaki nje.