Elimringi Anande Pallangyo, Aliyelazwa kwa Kadi ya Mkewe

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani na ndugu wote mliofika hapa Akeri, familia imetutuma tuwasomee maisha ya ndugu yetu, na kwa kuwa mwenyewe alisisitiza yasomwe yote, tutayasoma yote, ingawa wapo wazee waliopendekeza kwamba mahali fulani tupite haraka.

Marehemu alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Machi 1964, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Anande Pallangyo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, kisha akajifunza ufundi wa pampu za maji mjini, mtaa wa Kaloleni, kwa fundi Jitendra, ambaye aliisifu mikono yake kila siku na kuulalamikia mdomo wake kila siku.

Mwaka 1992, biashara zilipokwisha kufunguliwa na vijana wakikimbilia Mererani kutafuta tanzanite, alikwenda huko kunyonya maji migodini, akapata fedha nyingi kwa haraka, na huko ndiko alikoanza kuvuta unga, heroini kwa jina lake, hata aliporudi mjini, mtaa wa Ngarenaro, mwaka 1998 hakuwa na pampu wala viatu vya maana.

Tangu mwaka 1993, akienda Mererani na kurudi, aliishi bila ndoa na Mwalimu Ruth Nnko, wa shule ya msingi huko Tengeru, wakajaliwa Hope mwaka 1994 na Sifael mwaka 1997. Serikali ilipoanza kuwakata watumishi mshahara kwa ajili ya Bima ya Afya, mwaka 2001, Ruth alinung'unika kama walimu wenzake, mpaka alipoambiwa kwamba kadi ile ingeweza kumtibu na mwenzi wake, ila awe mwenzi wa ndoa. Basi wakafunga ndoa tarehe 7 Juni 2003, bwana harusi akitetemeka ndani ya koti la kuazima, na baba mkwe, Mzee Hans, akatamka mbele ya wote, "Leo siozeshi binti, ninalaza mgonjwa." Watu walicheka, Ruth hakucheka, na Jumatatu yake Elimringi akalazwa katika wodi ya magonjwa ya akili mjini.

Alipotoka mwezi Agosti tulimfanyia shukrani, tukachinja, na kwa desturi yetu anayeshukuriwa ndiye hutangulia kunywa pombe ya ndizi, basi tukampa kibuyu kwa mikono miwili, akamtazama Ruth, akawatazama wazee, akanywa kwa heshima. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa amerudi kwenye unga, na sisi tuliodhani kupona ni sawa na kung'olewa jino tukasema basi, kadi imeshatumika, aachwe.

"Kadi haijaisha, na mimi sijachoka," alisema Ruth, akamrudisha hospitali, ambako muuguzi Romanus aliwaita wazee akawaeleza kwa upole kwamba huu ni ugonjwa unaoweza kurudi, kama malaria, na hakuna anayenyimwa dawa ya malaria kwa sababu aliwahi kuugua. Wazee walirudi nyumbani, na shukrani nyingine haikufanywa.

Kuanzia Januari 2004 Elimringi hakugusa tena unga wala pombe, akafungua karakana ya pampu Ngarenaro, akahudhuria kliniki kila mwezi, na vijana waliokuwa wakivuta nyuma ya maduka aliwasindikiza mwenyewe hadi kwa Romanus, akiwatania njia nzima ili wasipate nafasi ya kubadili mawazo. Tulimpenda sana miaka ile.

Machi 2006 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na maumivu yalipozidi daktari alimwandikia morfini, dawa ya maumivu iliyo ndugu ya unga, akaikataa kabisa, akamwambia mkewe, "Mwalimu, nisije nikafa nimerudi nyuma." Aliteseka hivyo mpaka Romanus alipokuja nyumbani, akamfafanulia tofauti ya dawa na ulevi, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba ainywe kwa mkono wa Ruth tu. Mtaani wengine walinong'ona kwamba Elimringi ameyarudia yale yale, na maneno hayo yalimfikia kitandani.

Alifariki nyumbani tarehe 19 Oktoba 2006, alfajiri, bila maumivu. Ruth aliirudisha chupa hospitali, Romanus akaipima, na dawa iliyobaki ilikuwa ile ile iliyopaswa kubaki. Familia inapenda ijulikane kwamba chupa hiyo haikufichwa hata siku moja, ilikaa juu ya kabati kando ya kitanda chake, mahali ambapo mkono wake ungeweza kuifikia.

Ameacha mjane na watoto wawili. Tunawashukuru daktari na wauguzi, hasa ndugu Romanus, walimu wa Tengeru, majirani wa Akeri, mafundi wa Ngarenaro, na vijana wale waliokaa nyuma pale, ambao wameomba kubeba jeneza, na familia imekubali.

Elimringi, ulifika salama. Pumzika sasa kwa amani.